Mtaa Hauguswi

Mahali lilipokuwa kanisa letu sasa yanapita malori ya saruji. Nimesimama pale mara nyingi nikijaribu kupanga upya kila kitu kichwani, na jibu langu ni hili: meza ya Bwana iko kwenye mstari mweupe wa katikati ya barabara, ule uliokatikakatika. Mimbari ni njia ya kwenda mjini. Kwaya ni njia ya kutoka mjini. Na benchi la Bibi, upande wa akina mama, liko kwenye bega la barabara, pale bodaboda wanaposimama kuchimba dawa. Hilo la bodaboda sijamwambia Bibi.

Naandika mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Makanisa makubwa ya mjini yana watu wa kuyaandikia historia zao. Letu lilikuwa kanisa la Kianglikana la pembeni mwa Nkuhungu, Dodoma, na waliolijenga wengi wao hawakuwa watu wa kalamu. Basi historia imeniangukia mimi, mtu aliyetolewa nje ya shule ya Jumapili kwa kuuliza kama Nuhu aliwaalika mbu au walidandia wenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kanisa, karibu kiasi kwamba mchungaji akikohoa mimbarini, Bibi jikoni anasema pole. Tuliishi wawili. Mama yangu anafanya kazi Mwanza na huja Krismasi akipata ruhusa. Baba ni habari fupi. Babu alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka, lakini kwa desturi hilo halikunizuia kuwa mke wake, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu. Kwa hiyo mimi na Bibi ni wake wenza. Ndivyo anavyoniita, "mke mwenza," na ndiyo ruhusa niliyonayo ya kumtania mpaka wageni wanashika vichwa. Nikiunguza mboga, anasema mume wetu alikosea sana kuoa mara ya pili. Mimi namjibu kwamba asingeoa mara ya pili kama yule wa kwanza asingekuwa anakoroma.

Wa kututazama tukigombana hawakukosekana. Mama mwenye mtoto anayelia alikuja kunyonyesha barazani kwetu. Wanakwaya walikuja kunywa maji ya mtungi. Yupo aliyeacha baiskeli, yupo aliyeomba sindano ya kushonea kifungo, na yupo mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kila Jumapili kuomba choo, kwa bahati tu kila mara mahubiri yalipokuwa yanaanza. Wote hao walikuwa watazamaji wangu. Nilikuwa na ukumbi, tena wa bure.

Sasa historia yenyewe, kama Bibi alivyonipa.

Kanisa la kwanza lilikuwa tembe. Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, la miti na udongo juu yake, tena fupi, mtu mrefu anapoingia mlangoni anakuwa ameshasujudu hata kabla ya ibada. Juu ya paa watu walianika mtama, na palipo na mtama mbuzi hakosi njia. Siku moja mwinjilisti alikuwa amefika kwenye Pentekoste, amenyoosha mikono juu, anaeleza jinsi Roho alivyoshuka kwa kishindo, ndipo paa likaachia. Akashuka mbuzi. Bibi alikuwa mtoto wa kupakatwa, lakini mama yake alimsimulia mpaka akaona kama alishuhudia mwenyewe. Watu kadhaa waliokoka siku ile. Mbuzi hakuokoka, alivunjika mguu, wakamla.

Baada ya hapo wakaamua kujenga kwa tofali za kuchoma na bati. Wanaume walifyatua tofali, wakachoma tanuri. Wanawake na wasichana walileta maji, na maji kwetu si ya kuletwa hivihivi. Unakwenda korongoni, unachimba mchanga, unasubiri yakusanyike kama mtu anayesubiri jibu la posa. Bibi alikuwa msichana wakati huo. Huko korongoni akagombana na msichana mwenzake juu ya nani alichimba shimo lipi, wakasukumana, debe la mmoja likamwagika, wote wawili wakachapwa na mama zao. Jumapili iliyofuata wakawekwa benchi moja ili wapatane.

Hawakutoka tena kwenye benchi hilo. Waliolewa wakalikalia, walizaa wakalikalia, walifiwa na waume wakalikalia. Yule msichana wa korongoni ndiye mwenzake wa benchi, sasa ni bibi mmoja mwembamba, mrefu, mwenye sauti kama ya tarumbeta iliyokanyagwa. Jumamosi walifagia kanisa pamoja, ilikuwa zamu yao, na zamu hiyo hawakumpa mtu hata walipougua. Wananyunyiza maji kwanza, vumbi litulie, kisha mmoja anaanzia madhabahuni na mwingine mlangoni, wanakutana katikati. Cha ajabu ni kwamba hawakuongea. Nimewatazama tangu nikiwa mdogo nikisubiri umbea, nikaambulia "mbukwa" ya kusalimiana na "haya" ya kuagana. Katikati ni ufagio tu.

Kanisa hilo lilikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilicholetwa kutoka Uingereza, kutoka kanisa la mji fulani wa huko lililokuwa limebomolewa. Watu wake walitawanyika, vitu vyake vikagawanywa, na sisi tukapewa kinanda. Wazee walilieleza jambo hilo kwa majonzi, eti maskini wenzetu wa Ulaya, kanisa la miaka mingi, limeangushwa hivyo. Mimi nilikuwa nasema kinanda hicho ni mkosi, kimeshakula kanisa moja na kitakula jingine. Nilipigwa kofi na mwalimu wa kwaya. Siku hizi nikikutana naye njiani ananitazama kama mchawi.

Divai ya meza ya Bwana ilitokana na zabibu za Makutupora, za shamba la muumini mmoja. Ilikaa chini ya uangalizi wa yule mzee wa choo. Kazi yake ilikuwa kuionja kidogo ahakikishe haijaharibika, na kuna Pasaka moja alihakikisha mpaka ikaisha.

Sasa hapa pana neno moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotumaliza. Kwetu Waanglikana, kanisa dogo lililo chini ya parishi huitwa mtaa. Si mtaa wa nyumba na mabomba. Ni mtaa wa kanisa. Kanisa letu lilianza likiwa mtaa, enzi za mbuzi. Baadaye likakua, likawa parishi, nalo likazaa mitaa yake, na mmojawapo ulikuwa ule wa ng'ambo ya barabara ya sasa, ambao nao ukakua ukawa parishi yenye vigae na feni. Lakini akina Bibi hawakubadilisha ulimi. Kwao kanisa letu lilibaki "Mtaa." "Naenda Mtaani," maana yake naenda kusali. "Mtaa umevuja," maana yake bati limetoboka. Hata mimi nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliuliza unaishi mtaa gani, nikamjibu kwetu hatuishi mtaani, tunaishi nyuma yake.

Siku moja akaja bwana mmoja na ramani. Barabara kubwa ilikuwa inakuja, watu wote walishasikia, na kila mtu alitaka kujua inapita wapi. Mkutano ukafanyika kanisani kwa sababu ndipo palipokuwa na mabenchi ya kutosha. Mchungaji wetu alikuwa ndiyo kwanza amehamishwa na mpya hajafika. Yule bwana akatandaza ramani juu ya kinanda, akavaa miwani, akasema kwa upole kabisa:

"Niwatoe wasiwasi, ndugu zangu. Mtaa wenu hauguswi. Barabara inapita pembeni, itachukua majengo machache tu."

Mwenzake wa Bibi akageukia wazee wasiosikia vizuri, akawatafsiria kwa Kigogo kwa ile tarumbeta yake. Akina mama wakalipuka kwa vigelegele. Bibi akasimama akacheza. Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akawatazama. Nadhani tangu aanze kuzunguka na ramani zake hajawahi kupigiwa vigelegele. Akatabasamu, akakunja karatasi, akapewa na kuku.

Hakudanganya. Mtaa wetu, ule wa nyumba na mabomba, haukuguswa. Hata nyumba yetu imesimama mpaka leo. Yale majengo machache tu yalikuwa kibanda cha kusaga, duka la vocha, na kanisa.

Lakini sisi tulishashangilia. Mwenye kibanda cha kusaga alikwenda kuulizia mapema akapata kiwanja kingine. Sisi tulikwenda kununua rangi. Akina mama walichanga, kuta zikapakwa nyeupe ndani na nje, sakafu ikazibwa mashimo. Mtoto wa kiume wa mwenzake wa Bibi, anayeishi Chamwino, alikuja kumchukua mama yake akaishi naye. Mama akamfukuza. "Niende Chamwino kufanya nini, na Mtaa umepona?"

Alama ya X, ile ya majengo ya kubomolewa, ilipigwa juu ya rangi hiyo mpya, nyekundu, kubwa kama mlango. Nilirudi kutoka shule nikaikuta, na Bibi amesimama mbele yake na mwenzake, kila mmoja na ufagio wake, maana ilikuwa Jumamosi ya masomo ya ziada.

"Hii nini?" Bibi akaniuliza. Alijua. Nchi hii hakuna asiyeijua.

"Mwalimu amesahihisha," nikasema. "Kanisa limekosa."

Mwenzake ndiye aliyecheka. Akacheka mpaka akashikilia ukuta, na mkono wake ukatoka na wekundu. Kisha wakaingia ndani wakafagia kama kawaida.

Hangaiko la baadaye lilikuwa refu na sitalisimulia lote. Wazee walikwenda, wakarudi, wakaelezwa maana ya mtaa na maana ya majengo. Fidia ililipwa, hilo niseme kwa haki. Ila muda wa kutafuta kiwanja na kujenga ulikuwa umepita, na mwisho uamuzi ukawa waumini wagawanywe kwenye makanisa ya jirani kila mtu kwa upande anaokaa. Siku ya kubomoa lilikuja lile dude wanaloliita kijiko. Nikasema kanisa linaliwa kwa kijiko kama uji. Nikatazama pembeni nione nani amecheka. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyenisikia, kelele ilikuwa kubwa. Ukuta wa madhabahu ulianguka wa mwisho, wote kwa pamoja, bila kupasuka, kama mtu aliyechoka anayejitupa kitandani.

Mwenzake wa Bibi alichukuliwa na mwanawe wiki hiyohiyo. Kinanda kikapelekwa kwenye stoo ya parishi moja. Nawaombea.

Basi pakawa kimya. Namaanisha kimya cha watu, maana barabara yenyewe inanguruma toka alfajiri. Hakuna tena wa kunyonyesha barazani. Hakuna wa baiskeli. Mtungi wa maji ukawa unaota ukungu kwa sababu maji hayaishi. Hata yule mzee wa choo, ambaye sikuwahi kudhani nitammisi, nilimmisi. Mimi na Bibi tuliendelea kutaniana, lakini utani wa watu wawili bila shahidi unachosha haraka. Namrushia maneno, ananirudishia, halafu tunabaki tunatazamana kama wachezaji ambao mpira umetoka nje na hakuna mtoto wa kuuokota. Kuna siku nilimkuta amekaa barazani ameangalia barabara, chai imepoa mkononi, na nilipomuuliza anaangalia nini akasema, "Hakuna. Napokea magari."

Ndipo yakatoka majina ya kidato cha tano. Nimepangiwa shule ya bweni, mbali, mkoa ambao sijawahi kufika. Watu wengine wote waliofaulu walipiga kelele. Mimi nilikaa na simu ya jirani mkononi nikifikiria kitu kimoja: Julai nitaondoka, na Bibi atabaki na malori.

Kwa hiyo nikajipa kazi. Kabla ya Julai lazima nimpatie Bibi watu.

Nilianza na lililo karibu. Sisi tulipangiwa ile parishi ya ng'ambo, ya vigae na feni. Bibi alikuwa hajaenda hata mara moja. Alisali nyumbani, kwa sauti, akijiitikia mwenyewe amina. Nikamsumbua mpaka akavaa kitenge chake cha ubarikio, tukavuka barabara, jambo ambalo kwa Bibi ni safari. Anasimama ukingoni ananishika mkono, gari linapita, anasema "bado," jingine linapita, "bado," mpaka ibada karibu inatukimbia.

Ndani hakuna mabenchi. Kuna viti vya plastiki, kila mtu na chake. Bibi alikikalia akawa anapapasa pembeni kwa mkono, kushoto, kulia, kama mtu aliyepoteza kitu kitandani.

"Mbona kila mtu amekaa kama yuko hospitali?" akaninong'oneza.

Ukafika wakati wa matangazo. Mzee wa kanisa akashika kipaza sauti. "Kama tunao wageni wetu siku ya leo, tunaomba wasimame tuwatambue." Msichana wa mapokezi, mwenye utepe begani, akapita, akamgusa Bibi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bibi. Wewe ni mgeni, simama."

"Mimi?"

"Ndiyo, Bibi. Usiogope."

Nitawaeleza kwa nini nilikuwa nataka kuzama chini ya kigae. Kanisa hilo lilikuwa mtaa wetu. Sisi ndio tuliolizaa. Bibi na mwenzake walibeba mawe ya msingi wake vichwani, na Bibi ana kovu utosini la jiwe mojawapo. Lakini aliyekuwa analijua hilo hakuwepo, au alikuwepo na hakukumbuka. Bibi akasimama. Akasema Bwana asifiwe, wakajibu amina. Akataja jina lake.

"Na unatuletea salamu kutoka wapi, Bibi yetu?" mzee akauliza, maana ndiyo desturi, mgeni hufikisha salamu za kanisa lake.

Bibi akafikiri. "Kutoka hapo barabarani."

Watu wakacheka kidogo, kwa upendo, wakidhani bibi kizee hajaelewa swali.

"Wenzangu wanawasalimu," Bibi akaendelea. "Wako salama, nadhani. Sijawaona."

Akapigiwa makofi. Akaambiwa ajisikie yuko nyumbani, na baada ya ibada kuna chai kwa wageni, kule nyuma.

Jumapili ya pili, msichana mwingine, utepe uleule, wageni wasimame. Bibi akasimama. Njiani kurudi, tulipokwisha kuvuka barabara, akaniambia: "Mke mwenza, nimekwenda kwa mtoto wangu wa kumzaa, naambiwa karibu mgeni, chai iko uani."

"Vumilia, Bibi. Mgeni siku mbili, ya tatu watakupa jembe."

"Hilo jembe ndilo nalolingoja."

Jumapili ya tatu msichana wa utepe alipofika, Bibi alibaki ameketi. "Siku mbili zimepita," akamwambia. Yule msichana akanitazama mimi nimsaidie. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka nimefunika mdomo. Bibi naye akaanza kucheka. Tulicheka hivyo, mabega yanatikisika, katikati ya matangazo, mpaka mama wa mbele akageuka. Ilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote tulizokaa pale, na ndiyo ya mwisho. Wiki iliyofuata kitenge hakikutoka sandukuni.

Nilifikiri sana, na mimi kufikiri ni zoezi. Nikaona tatizo si kwamba hawampendi. Wanampenda. Ila hawana cha kumpa afanye. Nikaenda kumwona mchungaji wa pale, ofisini kwake.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, binti. Si wewe uliyeigiza sauti yangu siku ya ubarikio?"

"Walikusingizia, mchungaji. Ile ilikuwa sauti ya askofu."

Akacheka. Ni mtu mwema, lazima niseme. Nikamweleza shida yangu: naondoka Julai, Bibi anabaki peke yake, naomba apewe zamu ya kufagia kanisa.

"Kufagia?" Akashtuka kama nimemwomba Bibi apandishwe mnarani. "Yule ni mama wa kanisa, binti. Ametumika. Sasa ni wakati wake wa kupumzika."

"Hajachoka, mchungaji."

"Na hivi ni vigae. Vinapigwa deki. Mzee wa watu akiteleza hapa, nitamweleza nini mama yako?"

Akaniahidi kwamba watamkumbuka. Na walimkumbuka. Jumatano wakaja akina mama wa umoja wao, wamevaa sare, na sukari, sabuni na mafuta ya kula. Nilifurahi kuona viatu vingi mlangoni tena. Karibu nianze kuwachekesha. Lakini waliimba zile nyimbo za kutazama wagonjwa, wakamwekea Bibi mikono magotini, wakakemea maumivu. Bibi aliitikia amina mahali pote panapostahili. Waliondoka mapema kwa sababu walikuwa na wagonjwa wengine.

"Nimeombewa magoti," Bibi akasema, akiangalia ule mfuko wa sukari. "Na hayaumi. Sasa Mungu atayafanya nini?"

Nikabaki na njia moja. Nikaazima simu ya jirani, nikaiwekea vocha, nikampigia yule mtoto wa mwenzake kule Chamwino, akampa mama yake simu, nami nikampa Bibi. Nikakaa kando nisikilize, nikijua sasa yatamwagika yote.

"Mbukwa!" akapaza Bibi.

"Mbukwa!" tarumbeta ikajibu, mpaka mimi nikaisikia.

Wakaulizana hali, watoto, mvua, karanga. Kisha wakanyamaza. Nikaona Bibi ameshikilia simu sikioni, anatazama ukuta.

"Mbona husemi?" akauliza yule.

"Wewe je?"

"Mimi nimekaa tu."

"Na mimi nimekaa."

Wakaendelea kukaa hivyo, mmoja huku na mwingine kule, mpaka salio langu likaisha. Hapo nikaelewa kwamba niliowaona maisha yangu yote hawakuwa watu wasio na la kusema. Kukaa kwenyewe ndiko kulikokuwa mazungumzo yao, na simu haina pa kukaa.

"Bibi," nikamwambia, "nenda ukaishi Chamwino. Mwanawe amekubali, nimeshamuuliza. Ana chumba."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Na nyumba?"

"Itapangishwa. Watu wa barabara wanatafuta vyumba."

"Na wewe? Ukifunga shule utashukia wapi?"

Swali hilo nilikuwa nalo siku nyingi, nimelificha ndani kabisa kama mtu anavyoficha ripoti ya hesabu. Kwa mama Mwanza kuna chumba kimoja. Chamwino ni kwa watu. Nyumba hii ndiyo pekee ambayo ningeweza kuingia bila kubisha hodi.

"Nitashukia kwa mume wetu," nikasema. "Si nina haki? Mimi ndiye mke mdogo."

Mume wetu yuko makaburini. Bibi aliinua macho, akanitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa. Nilitegemea anirudishie. Badala yake akaniambia nilete sufuria.

Tulifunga nyumba mwishoni mwa Juni. Vitu vyake havikujaza hata kigari cha kirikuu, na nusu ya hivyo ni vifuniko vya sufuria ambazo hazipo. Alipitisha mkono kwenye fremu ya mlango, akasema haya, basi. Fundi mmoja wa barabara alikuwa ameshaleta godoro lake, analisubirisha nje kwa adabu.

Chamwino mwenzake tulimkuta uani, ana gunia la karanga za kumenya. Hakunyanyuka. "Umechelewa," akamwambia Bibi, akamsukumia nusu ya gunia kwa mguu. Bibi akavua viatu, akakaa, akaanza kumenya kama mtu aliyetoka tu kidogo kuchota maji. Mimi nikaingiza mizigo. Nilitoka nikasimama mlangoni nikatoa utani mzuri sana, wa bibi wawili na meno waliyobaki nayo jumla. Hawakunisikia. Mkwe wa nyumba hiyo akaniuliza kwa upole kama ningelala au gari langu ni leo.

Lilikuwa leo.

Sasa niko bweni. Wasichana wa hapa wananiona mchekeshaji wa chumba, na wamenipa kitanda cha juu ili sauti ifike kote. Wakiuliza kwetu ni wapi nasema Dodoma, na wakiuliza Dodoma ipi nawapa hadithi ya mbuzi, wanacheka, swali linasahaulika.

Simu hatuna, ukitaka kuongea na nyumbani unaomba ya matroni. Niliomba wiki iliyopita, maana likizo inakaribia na kila mtu anaandikisha mahali atakaposhukia. Aliyepokea ni Bibi mwenyewe.

"Mke mwenza! Umekula?"

"Nimekula, Bibi. Shikamoo. Nilitaka kuuliza kuhusu likizo..."

"Marahaba. Subiri hapohapo, usikate, nakuja."

Nikasikia simu inawekwa chini, juu ya kitu kigumu. Nikasubiri. Nikasikia kuku. Nikasikia tarumbeta inasema kitu kwa Kigogo cha haraka ambacho mimi sikifikii, na Bibi anajibu kwa neno moja, na wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kile cha mabega, nilikitambua. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwasikia wakiongea maneno mengi namna ile. Waliendelea. Bibi hakurudi. Nilipowasikia wanacheka tena, nami nikacheka kidogo, nikisimama pale koridoni na simu sikioni.

Matroni akanyoosha mkono.

"Umempata?"

"Nimempata," nikasema, nikamrudishia simu.

"Anasemaje?"

"Hajambo kabisa."

Akachukua kalamu. "Haya. Nikuandike unashukia wapi?"